Shamba la Parokia na Deni la Udongo

Mahindi yakishavunwa mwezi wa Juni na Julai, mkoa wa Ruvuma huanza kunuka moshi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mashamba huchomwa moja baada ya jingine, na mtu akipita njiani akaona mabua yanateketea husema tu kwamba mwenye shamba anasafisha. Tumezoea. Kinachonifanya niandike ni kwamba kati ya mashamba yanayoteketea, mara nyingi limo pia shamba la parokia.

Ndugu msomaji, tumehubiri sana kuhusu kutunza mazingira. Tumepanda miti siku za sherehe na tumepiga picha. Lakini shamba ambalo Kanisa lenyewe linalimiliki, ambalo mipaka yake inajulikana na hati yake iko kwenye kabati la ofisi ya paroko, linachomwa kila mwaka, na kila mwaka linatoa mahindi mepesi kuliko mwaka uliopita. Hoja yangu ni hii: shamba hilo halichomwi kwa sababu watu hawajui thamani ya mabua. Linachomwa kwa sababu tunalikodisha kwa msimu mmoja mmoja. Tukibadili namna ya kulikodisha, udongo utarudi. Tusipoibadili, semina zote za kilimo zitapita kama mvua juu ya mwamba.

Tuanze na hesabu, kwa maana udongo nao una daftari lake. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takribani kilo 15 za naitrojeni, kirutubisho ambacho mahindi hukihitaji kwa wingi kuliko vingine vyote. Mkulima aliyevuna gunia 20 za kilo 100 katika ekari moja amebeba tani mbili, yaani kilo 30 za naitrojeni. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni, maana urea ni asilimia 46. Kwa hiyo hata aliyenunua mfuko mzima kwa ekari, na ukatumika wote bila hata chembe kupotea, bado ametoa kuliko alichoweka. Na tunajua kuwa mbolea haitumiki yote: nyingine huzama chini na maji, nyingine hupotea hewani.

Mabua ndiyo sehemu ya mavuno ambayo tungeweza kuirudishia ardhi bila kutoa shilingi. Katika kila tani ya mabua makavu kuna kilo 5 hadi 8 za naitrojeni, na potasiamu kilo 10 au zaidi. Moto ukipita, naitrojeni karibu yote hupaa na moshi. Potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini majivu hayo hukaa wazi juu ya ardhi kavu yakisubiri upepo wa Septemba na mvua kubwa ya kwanza kuyasomba hadi bondeni. Zaidi ya hayo, ardhi hubaki uchi. Tone la mvua likiangukia udongo usiofunikwa huupasua, vumbi laini huziba vitundu vya juu, na maji yaliyopaswa kuingia ndani hutiririka. Ndiyo sababu shamba lililochomwa hunyauka upesi mvua ikisimama wiki mbili mwezi wa Februari, wakati jirani yake bado ana unyevu. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Udongo nao ni buyu.

Dawa yake ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni matandazo. Mabua hukatwa, yakalazwa chini kati ya mistari na kuachwa hapo. Mvua za mwisho wa Novemba zikija, mkulima hafagii shamba. Anafukua tu mahali pa shimo la mbegu. Matandazo hupunguza nguvu ya matone ya mvua, hushika unyevu, hupooza joto la udongo na kuzuia magugu mengi yasiote. Angalizo ni moja: mabua makavu yasifukiwe ardhini karibu na wakati wa kupanda. Vijidudu vinavyoozesha bua kavu navyo vinahitaji naitrojeni, na vikiikosa kwenye bua huichukua kwenye udongo, mahindi machanga yakabaki ya njano. Wengi waliojaribu mara moja wakakata tamaa walikwama hapo. Bua likae juu, lioze taratibu.

La pili ni mbolea ya kijani, yaani mmea unaopandwa ili ulishe udongo. Mimea ya jamii ya mikunde ina vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuugawia mmea. Ukiukata mmea huo ukiwa mbichi na kuulaza au kuufukia, naitrojeni hiyo hubaki shambani. Mikunde iliyokua vizuri inaweza kukusanya kati ya kilo 20 na 60 za naitrojeni kwa ekari. Mahindi hayapati yote msimu unaofuata, huenda theluthi tu au pungufu ya hapo, lakini inayobaki hujenga udongo kwa miaka inayokuja. Majani yake mabichi yakichanganyika na mabua makavu, kile ambacho bua limekikosa jani linacho.

Kwa watu wa Ruvuma haya si mambo ya kuletewa. Wamatengo wa Mbinga, katika milima ambayo mgeni angedhani hailimiki, wana kilimo cha ngoro ambacho kimedumu zaidi ya miaka mia moja. Mvua zikielekea kwisha, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana hadi zifanye vyumba vya mraba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kufunika nyasi zile. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta, na ndani ya matuta kuna nyasi zinazooza. Maharage hupandwa kwanza mwezi wa Machi. Mahindi hufuata msimu unaokuja, yakakuta chakula kimeiva. Shimo nalo hushika maji na udongo visiteremke mlimani. Babu zetu hawakuwa na neno naitrojeni, lakini waliweka chakula ardhini kabla ya kudai chakula kutoka ardhini.

Kanisa letu nalo lina historia yake hapa. Wabenediktini walianza misioni ya Peramiho mwaka 1898, na wamonaki waliishi kwa kulima kama wanavyoagizwa na kanuni yao. Katika miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa abasia hiyo alifanya kazi kubwa ya kueneza marejea kwa wakulima. Marejea ni mmea wa jamii ya mikunde, wenye maua ya manjano hafifu na maganda ambayo yakikauka mbegu hulia ndani yake kama kayamba. Hukua haraka, hufikia kimo cha mtu au kupita, na hufunika ardhi hata magugu yakakosa jua. Mbegu zake ni ndogo, hivyo mfuko mdogo huenea eneo kubwa. Sikio la Mswahili linasikia ndani ya jina hilo kitenzi kurejea, na hiyo ndiyo kazi yake.

Marejea huweza kupandwa peke yake katika shamba linalopumzishwa, au kusiwa kati ya mistari ya mahindi wakati wa palizi ya pili, mahindi yakiwa yamefika kiunoni na hayawezi tena kuzidiwa. Mvua za Februari hadi Aprili hutosha kuikuza. Ikianza kutoa maua hukatwa na kulazwa palepale. Zinazoachwa kwa ajili ya mbegu zitengwe pembeni, na mbegu zake zisichanganyike na mahindi ya chakula wala chakula cha mifugo, kwa sababu mimea ya ukoo huu ina sumu katika mbegu.

Sasa ndipo swali linapokuja. Kama ngoro iko Mbinga na marejea ilihubiriwa Peramiho, kwa nini shamba la parokia linachomwa? Jibu jepesi ni kwamba watu ni wavivu au hawana elimu. Mimi silikubali. Aristotle anatufundisha kwamba hatujakielewa kitu mpaka tujue kipo kwa ajili ya nini. Basi tumtazame anayekodi. Katika parokia nyingi za kwetu shamba hugawanywa kwa ekari, na kila mwaka watu hujiandikisha na kulipa. Anayelipa Oktoba anajua kuwa Julai mkataba wake umekwisha, na mwaka ujao ekari ile inaweza kupewa mwingine. Anakuta shamba lina mabua ya mtu mwingine. Kuyalaza ni siku kadhaa za kazi. Kuyachoma ni kiberiti kimoja. Akisia marejea Februari, faida yake ataipata atakayekodi baada yake. Kwa nini anunue mbegu, apoteze siku za palizi, ili mwenzake avune gunia nzuri? Mtu huyu si mjinga. Anafanya kile ambacho mkataba tuliompa unamfundisha kufanya. Sisi tumemwonyesha ardhi isiyo na kesho, naye anailima hivyo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anapochambua fadhila ya busara, anahesabu kumbukumbu ya yaliyopita na kuona ya mbele kuwa miongoni mwa sehemu zake. Mkataba wa msimu mmoja unamnyang'anya mkulima vyote viwili: hajui shamba lilitendewa nini jana, na hana sababu ya kuliwazia kesho. Tunamtaka awe mwenye busara huku tumemfungia mlango wa busara. Katika jambo hili parokia ndiyo yenye kumbukumbu na kesho. Mapadre huhamishwa, wakodishaji hubadilika, lakini parokia hubaki. Anayebaki ndiye anayepaswa kuanza kulipa deni.

Ninapendekeza, kwa heshima kwa mababa paroko na halmashauri za walei, mambo matatu.

La kwanza, shamba la parokia likodishwe kwa miaka minne au mitano kwa mtu yuleyule, kwa mkataba ulioandikwa, wenye sharti la kutochoma mabua na kutoruhusu mifugo kuyamaliza yote. Kodi inaweza kulipwa mwaka hadi mwaka kama sasa. Kinachorefushwa ni uhakika. Mama mjane anayelima ekari moja akijua kuwa ni yake hadi mwaka wa tano, atailaza mabua yake mwenyewe bila kuhubiriwa.

La pili, sehemu ya shamba ipumzishwe kwa zamu chini ya marejea. Tuseme parokia ina ekari tisa. Kila mwaka ekari tatu zipandwe marejea peke yake, na aliye na ekari hizo asidaiwe kodi mwaka huo. Najua maana yake: parokia itakosa theluthi ya kodi, na kodi hiyo huenda ndiyo posho ya makatekista. Ambako theluthi ni nyingi mno, waanze na ekari moja, au wasie marejea ndani ya mahindi kwenye palizi ya pili bila kupumzisha eneo lolote. Lakini gharama isitupwe yote kwa anayekodi. Mwenye ardhi achangie uponyaji wa ardhi yake.

La tatu linatuhusu sisi mafrateri. Seminari nyingi zina mashamba, na sisi ni watu wa ugali. Tuna ratiba ya kazi za mikono, tuna ardhi, na hatuondolewi msimu ukiisha. Tunaweza kuwa kitalu cha mbegu za marejea kwa parokia zinazotuzunguka. Tunaweza pia kutenga vipande viwili vinavyolingana, kimoja kilimwe kama kawaida, kingine kwa matandazo na marejea, mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda, mbolea ile ile, kwa miaka mitatu. Tupime magunia na kutangaza matokeo yoyote yatakayotokea, hata yakiwa madogo. Mkulima anaamini debe kuliko hotuba. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Sidhani kama jembe linaweza kuheshimiwa hivyo na udongo unaolimwa nalo ukadharauliwa.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni za haki. Wafugaji watasema mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Ni kweli. Mwenye ng'ombe zizini anaweza kuchukua sehemu ya mabua na kurudisha samadi. Hiyo ni biashara halali na udongo. Kinachoumiza ni mifugo inayoachiwa huru, inakula shamba hili na kuacha samadi njiani. Hapo parokia inahitaji makubaliano na serikali ya kijiji, na jumuiya ndogondogo ndipo mahali pa kuyazungumza kabla hayajawa ugomvi.

Wengine watasema moto unaua funza wanaotoboa mabua. Hilo nalo lina ukweli, kwa kuwa funza hao huvuka kiangazi ndani ya bua. Lakini bua lililokatwa na kulazwa chini juani hukaushwa na joto, na funza wengi hufa humo. Pia mwaka ambao ekari imepandwa marejea, funza huyo hakuti mahindi ya kula. Mzunguko wake unakatika na udongo unabaki salama.

Hoja ya tatu ni kwamba mbolea ya ruzuku ipo. Tunashukuru, tangu msimu wa 2022/23 wakulima waliosajiliwa wamenunua mbolea kwa bei iliyopunguzwa, baada ya bei kupanda kwa kutisha. Wala sisemi tuache mbolea ya dukani. Mahindi yanayotegemewa kulisha nyumba na kulipa ada hayawezi kuishi kwa mabua peke yake, na fosforasi haitoki hewani. Ninachosema ni kwamba mbolea hiyo ikiwekwa kwenye udongo usio na mboji hupita kama maji kwenye pakacha. Udongo wenye mboji huishika mpaka mzizi uifikie. Mwenye matandazo ndiye anayefaidi zaidi ruzuku.

Nimalizie na jambo ambalo ni la imani zaidi kuliko kilimo. Sheria ya Musa iliagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba, na kitabu cha Kutoka kinatoa sababu inayogusa moyo: yaliyoota yenyewe mwaka huo yaliwe na maskini. Pumziko la ardhi na haki ya maskini vilifungwa kwenye amri moja. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kuwa mazingira ni mkopo ambao kila kizazi hupokea na lazima kikabidhi kwa kinachofuata. Na Mtakatifu Thomas anafundisha kuwa mtu anaweza kumiliki mali na kuisimamia, lakini katika kuitumia aione kuwa ya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida.

Maskini wa parokia zetu ndio wanaokodi ekari za Kanisa, kwa sababu wenye uwezo wana mashamba yao. Tunapowakodisha ardhi iliyochoka kwa msimu mmoja, wanalipa kodi ile ile, wanalima kwa jasho lile lile, wanavuna kidogo, na Jumapili ya mavuno tunawahimiza watoe kwa moyo mkunjufu. Jambo hilo linahitaji kutazamwa na dhamiri zetu kabla ya kutazamwa na bwana shamba.

Mikataba mipya ya mashamba huandikwa Septemba na Oktoba. Halmashauri ya parokia inayotaka kuanza haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji kikao kimoja, karatasi yenye sharti la miaka minne, na mtu wa kupeleka taarifa kwenye jumuiya kwamba mwaka huu mabua ya Kanisa hayatachomwa.